Nimeambiwa nifungwe vyuma shingoni. Nifanye au nisubiri?

Mshona Suti (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mnivumilie, maelezo ni marefu.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro mjini, umri arobaini na kitu. Kazi yangu ni kuinama kutwa. Mwishoni mwa mwaka jana shingo ilianza kukaza, nikalaumu mto. Baadaye maumivu yakashuka: yanaanzia nyuma ya shingo, yanapita bega la kulia, yanateremka nyuma ya mkono hadi kidole cha kati. Yanaunguza. Kile kidole kina ganzi, na mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa kizito siku hizi unanishinda, mkono hauna nguvu ya kusukuma.

Usiku ndiyo balaa, nalala nimekaa. Kitu kimoja tu kinanipa nafuu: nikiweka kiganja juu ya kichwa, maumivu yanapungua. Mke wangu ananiambia nikikaa hivyo barazani wapita njia watadhani tumefiwa.

Nilienda kupiga MRI (ile picha ya sumaku ya ndani ya mwili) Dar. Ripoti inasema diski (ile sehemu laini) ya kati ya pingili ya sita na ya saba (C6-C7) imechomoza upande wa kulia na inabana mshipa wa fahamu. Ile ya juu yake, C5-C6, imeandikwa imechakaa. Daktari wa kwanza, hospitali binafsi, aliisoma ripoti akasema ni upasuaji: wanapasua kwa mbele, wanatoa diski zote mbili, wanaweka vipandikizi na bamba la chuma lenye skrubu ili pingili tatu ziwe kitu kimoja. Daktari wa pili, hospitali ya serikali, akasema bado mapema, akaniandikia dawa na fiziotherapia.

Wote wawili ni mabingwa. Mimi nimsikilize nani? Kuna aliyefanyiwa humu? Shingo inageuka tena? Na je, nikisubiri, mkono hautakufa?

Kiberenge

Shingoni mkuu? Mimi hata kinyozi akishamaliza kunyoa na kutaka kunivunja shingo "kwaa", namshika mkono.

Mnyalukolo

Mjomba wangu alifungwa vyuma shingoni Chennai, India. Leo analima, anabeba, anagombana na watu. Fanya mkuu, usiogope.

Nguzo ya Sita

Na mimi nina jirani aliyefanyiwa hiyo hiyo, alitoka hajui miguu yake iko wapi. Usifanye. Tafuta mtu wa kukuchua, kuna mzee mmoja Kilosa.

Bwana Mifupa

Tukiendelea na mjomba wa huyu na jirani wa yule hatufiki. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu swali hili linarudi kila mara na majibu huwa ni yale yale.

Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu inayotoka pembeni kwenda mabegani na mikononi. Katikati ya pingili, kwenye mfereji wake, unapita uti wa mgongo wenyewe, ule uzi mkuu unaopeleka amri kuanzia mikononi hadi miguuni na kwenye kibofu. Diski ikichomoza pembeni inabana mshipa mmoja. Ikichomoza katikati, au mfereji ukiwa mwembamba, unabanwa uti. Watu wanayaita yote mawili "diski ya shingo" wakati ni magonjwa mawili yenye tabia tofauti kabisa.

Mshipa ukibanwa, unapiga kelele. Ni maumivu makali ya mkono, ganzi ya kidole fulani, udhaifu wa msuli fulani. Ya mleta uzi yanasomeka vizuri sana: nyuma ya mkono, kidole cha kati, nguvu ya kusukuma. Huo ni mshipa wa saba, na C6-C7 ndipo unapobanwa. Hata kuweka mkono kichwani ni dalili tunayoijua, kwa sababu mkao huo unaulegeza mshipa. Na habari njema ni kwamba wengi wenye tatizo hili hupata nafuu bila kisu ndani ya wiki hadi miezi michache. Diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa yenyewe, na uvimbe unaouzunguka mshipa hutulia.

Uti ukibanwa, mara nyingi hausemi. Maumivu yanaweza kuwa kidogo au yasiwepo. Mtu anaanza kushindwa vifungo vya shati, mwandiko unaharibika, mwendo unayumba, mkojo unambana ghafla. Huyo ndiye hatakiwi kukaa na kusubiri, ingawa ndiye asiyelalamika.

Kwa hiyo usijipime kwa ukali wa maumivu. Swali la kumrudishia daktari ni: kilichobanwa ni mshipa au uti? Kama ni mshipa peke yake, na nguvu ya mkono haishuki wiki hadi wiki, una muda wa kujaribu bila kisu. Nguvu ikiendelea kushuka, au maumivu yakikataa baada ya wiki kadhaa za matibabu ya kweli (siyo panadol na maombi), upasuaji unaingia mezani kwa heshima zote.

Nguzo ya Sita, huyo jirani alikuwa anatembeaje kabla hajapasuliwa?

Nguzo ya Sita

Alikuwa anatumia fimbo mkuu. Alishaanza kuvuta mguu.

Bwana Mifupa

Ndiyo hapo. Kupooza kwa aliyefanyiwa diski moja kwa ajili ya mshipa wa mkono ni jambo la nadra sana. Aliyekwenda mezani uti wake tayari umeumia ana hatari kubwa zaidi, na huyo huyo angeachwa, fimbo ingegeuka kiti cha magurudumu. Siwezi kumsemea jirani yako, sijaona picha zake. Ila usimhesabu fundi na yeye kwenye daftari moja.

Na hilo la kuchuliwa Kilosa, hapana. Kupakwa mafuta na kukandwa mabega hakuna shida. Kuzungushwa shingo kwa nguvu, kwa mzee wa Kilosa au kwa kinyozi, kunaweza kuipasua mishipa ya damu inayopanda ubongoni ikipita ndani ya pingili, na kama uti umebanwa ndiyo unaumaliza kabisa.

Kiberenge

Kumbe siku zote nilikuwa sahihi na kinyozi.

Mshona Suti

Bwana Mifupa ubarikiwe. Swali: yule daktari alinionyesha ile C5-C6 kwenye picha, kweli imechakaa, nyeusi. Akasema tukiiacha itakuja kunisumbua, bora tuzifunge zote mara moja. Na nikisubiri mwaka mzima huku napata nafuu, si nitakuwa nimejidanganya?

Bwana Mifupa

Wajapani waliwapiga MRI ya shingo watu 1,211 wasio na dalili yoyote, utafiti ukatoka 2015. Karibu 88 kati ya kila 100 walikuwa na diski iliyotuna, wakiwemo vijana wa miaka ya ishirini. Picha ya diski nyeusi kwa fundi wa arobaini na kitu hainishangazi, ningeshangaa kama isingekuwepo. Picha inathibitisha kile ambacho mwili umeshasema, basi. Mwili wako unasema C6-C7.

Ila nisimwonee daktari mwenzangu. Kuna hoja ya kuifunga ile ya juu. Pingili zikiunganishwa, jirani zake hubeba kazi ya ziada, na C5-C6 ni mahali panapochakaa haraka kwa watu wengi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999 ulikuta karibu watu 3 kwa kila 100 kwa mwaka wanapata dalili mpya kwenye pingili jirani, ikifika miaka 10 ni kama robo ya waliofanyiwa. Wengine wangepata hata bila upasuaji, kwa sababu shingo iliyochakaa sehemu moja haichakai peke yake. Kwa hiyo muulize uso kwa uso: "C5-C6 ina dalili gani kwangu mimi?" Akiwa na jibu, msikilize. Akirudi kwenye picha tu, tafuta maoni mengine.

Kuhusu kujidanganya: Wasweden waliwagawa watu 81 wenye maumivu ya mkono ya zaidi ya miezi mitatu, wengine wakapasuliwa, wengine fiziotherapia, wengine kola ya shingo. Matokeo yalitoka 1997. Baada ya takriban miezi minne waliopasuliwa walikuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao. Ulipofika mwaka, tofauti ilikuwa imefutika. Sasa lisome hilo kwa pande zote mbili. Upasuaji unanunua nafuu ya haraka, na kwa mtu asiyelala usiku haraka ni kitu. Lakini asiyepasuliwa hakupoteza mkono kwa kusubiri.

Mnyalukolo

Mbona wanamieleka wanafungwa na wanarudi ulingoni? Stone Cold alifungwa shingo 2000 akarudi mwaka ule ule.

Kiberenge

Mieleka maigizo mkuu.

Mnyalukolo

Maigizo wapi! Shingo ilivunjwa kweli kweli, SummerSlam 1997, na Owen Hart. Na Edge je? Alifungwa 2003, akarudi 2004, 2011 madaktari wakamwambia basi, mfereji wa uti umebana. 2020 akaingia Royal Rumble watu wakalia.

Bwana Mifupa

Edge ni mfano mzuri kuliko unavyodhani, Mnyalukolo. Mkono ulivyomuuma sicho kilichomstaafisha, ni nafasi ya uti kwenye mfereji. Ila fundi wetu hatarushwa kutoka juu ya ngazi, kwa hiyo tumuache Edge.

Fizio wa Kanda

Natoka upande wa fiziotherapia. Wengi wakiandikiwa wanakuja mara mbili, wanapigwa joto na mashine ya umeme, wanaondoka wakisema haisaidii. Kwa shingo ya namna hii kazi kubwa ni mazoezi ya misuli ya mbele ya shingo na ya kati ya mabega, kuyafanya nyumbani kila siku, na kubadilisha jinsi unavyofanya kazi. Mvuto wa shingo wa taratibu chini ya mtaalamu huwafaa baadhi. Wa kujifungia kamba mlangoni mlioona YouTube, hapana.

Mshona Suti, cherehani yako iko juu kiasi gani? Mafundi wengi wana meza za chini na taa hafifu, kwa hiyo wanaifuata sindano kwa pua. Inua meza kwa matofali au vipande vya mbao mpaka uone mshono bila kukunja shingo, weka taa karibu na sindano, na kila ukimaliza kipande simama, uvute mabega nyuma. Kukata kitambaa fanya umesimama, meza ifike kiunoni.

Kola ya shingo: siku chache kwenye maumivu makali, sawa. Ukiivaa wiki nyingi, misuli inalegea na unaanza kuitegemea. Na diklofenaki usile mfululizo kama njugu, tumbo na figo zitakuja kudai. Zipo dawa nyingine za maumivu ya mishipa ya fahamu, kama amitriptilini au pregabalini, daktari anajua ipi inakufaa.

Binti wa Mwera

Shikamooni wakubwa. Niwaingilie kidogo. Huu uzi naufuatilia kwa ajili ya baba, yupo Pangani, zamani alikuwa mkwezi wa minazi, sasa anauza madafu kwa baiskeli. Yeye maumivu hana sana, shingo inakaza tu asubuhi. Aliambiwa ni baridi yabisi, anapewa vidonge. Nilitaka kuuliza hayo mazoezi ya Fizio yanamfaa mtu mzima? Maana siku hizi amekuwa mzito, mikono haishiki vizuri, tasbihi inamponyoka. Ni uzee tu au?

Bwana Mifupa

Binti, marahaba. Acha mazoezi kwanza. Nijibu haya: anafunga vifungo vya shati mwenyewe? Usiku akienda chooni anashika ukuta? Kandambili zinamvuka mguuni bila yeye kujua? Mkojo?

Binti wa Mwera

Daktari, umejuaje kandambili? Zinamvuka, anarudi kuziokota, tunamcheka. Vifungo anafungwa na mama. Ukuta anashika, tena mchana pia siku hizi. Mkojo anasema ukimbana haumngoji. Alianguka na baiskeli mara kadhaa mwaka huu, madafu yakamwagika, tukajua ni macho.

Bwana Mifupa

Huyu ndiye mgonjwa wa uzi huu. Fundi samahani, wewe unaumwa, lakini mzee ana haraka kuliko wewe.

Binti, sisemi ni ugonjwa gani, sijamwona. Kisukari cha muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, hata kifua kikuu cha pingili vinaweza kufanya kitu cha karibu na hicho. Ndiyo maana uliza pia kama anapungua uzito, ana homa za jioni au anatoka jasho usiku. Lakini mzee ambaye vidole vyake vimepoteza ufundi, anayumba, na mkojo haungoji, ni wa kuangaliwa uti wa shingo, na siyo baada ya mavuno.

Fanya hili leo. Mwambie anyooshe mikono, afumbe na kufumbua ngumi haraka awezavyo, wewe hesabu kwa sekunde 10. Mtu asiye na tatizo hufika 20 au zaidi. Kisha atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na mtu awe pembeni kumdaka. Rekodi video kwa simu. Nenda nayo hospitali ya mkoa, waombe rufaa ya daktari bingwa wa uti wa mgongo, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili, Dar, au KCMC, Moshi, popote mtakapofika mapema. Ukiwaambia "shingo inamuuma" atapewa vidonge tena. Waambie "mikono imepoteza ufundi na anayumba".

Na asiendeshe baiskeli. Akianguka vibaya huku uti umebanwa, anaweza kuamka hana mikono wala miguu.

Binti wa Mwera

Amefika 9. Nalia hapa.

Mama Tabata

Pole mwanangu, usilie, umewahi. Mimi nimefanyiwa. Nilikuwa natazama tu maana napenda kusoma kuliko kuandika, ila hapa niseme.

Yangu ilikuwa C5-C6, mshipa pamoja na uti kidogo, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kuchagua. Wanakukata mbele, kwenye mkunjo wa shingo, kovu langu leo unaliona nikikuonyesha tu. Koo la hewa na la chakula wanayasogeza pembeni, wanaingia kwenye pingili. Wengi hudhani wanapasua kwa nyuma. Nilipoamka maumivu ya mkono yalikuwa yameondoka, hilo sisahau. Shingo yenyewe iliuma kwa muda na mpaka leo kukiwa na baridi inakaza. Daktari aliniambia mapema: upasuaji huu unatibu mkono na kulinda uti, shingo inayouma tu bila jambo lingine usiitegemee sana.

Ambacho hawakunisisitizia ni kumeza. Ugali ulikuwa unasimama kooni. Nilikula uji, ndizi za kupondwa, supu, tambi zilizolainika, wiki kadhaa. Sauti ikakwaruza, nilikuwa naimba kwaya nikakaa benchi. Vyote vilirudi. Kumbukeni pia: siku ya kwanza baada ya upasuaji, shingo ikivimba na pumzi ikabana, piga kelele, aitwe daktari papo hapo, usingoje raundi ya asubuhi. Ni nadra lakini ndiyo hatari yenyewe.

Kugeuka? Nageuka. Nikirudisha gari nyuma nageuza mwili kidogo, basi. Niliambiwa karibu nusu ya kugeuka kwa shingo inatoka kwenye pingili mbili za juu kabisa, nazo hawakuzigusa.

Bwana Mifupa

Mama Tabata ameeleza kuliko mimi. Niongeze tu kwamba upasuaji huu wa kupitia mbele si wa jana, Wamarekani waliuchapisha 1958. Zamani kipande cha mfupa kilikatwa nyongani kwa mgonjwa mwenyewe na watu walilalamikia nyonga kuliko shingo. Siku hizi vipo vipandikizi vya kuweka katikati.

Mfupa kuungana huchukua miezi, siyo wiki. Fundi, unavuta?

Mshona Suti

Mbili tatu kwa siku. Tano nikiwa na oda za harusi.

Bwana Mifupa

Ukiamua kupasuliwa, acha kabla, na baada yake usirudie. Nikotini inazuia mfupa kuungana, na ugoro umo humo. Pingili isipoungana, skrubu hulegea na mtu anarudi mezani. Na mwenye kisukari, sukari ishuke kwanza.

Uliza pia kama kwako wanaweza kufanya njia isiyofunga pingili. Diski laini iliyotoka pembeni, upande mmoja, wakati mwingine hutolewa kwa nyuma kwa kupanua tundu la mshipa, pingili zikaachwa huru. Ipo pia diski bandia inayocheza, Marekani iliidhinishwa 2007, lakini siyo kila shingo inafaa na siyo kila hospitali inaiweka. Aliyekupa jibu moja tu huenda anafanya upasuaji wa aina moja tu.

Wa Voi

Huku Kenya, tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, Oktoba 2024, watu wanajifunza upya nini kinalipwa. Ushauri wangu kwa wa pande zote: kibali cha bima kiwe mkononi kabla hujalazwa, tena kwa maandishi. Binamu yangu alidhani amelipiwa yote, akaambiwa vipandikizi ni juu yake. Harambee ikafanywa akiwa kitandani.

Mama Tabata

Kweli kabisa. Kitanda na daktari siyo tatizo, vyuma ndivyo vinavyokula hela. Uliza: bima inalipa kipandikizi gani, na je, unatakiwa kukinunua mwenyewe? Uliza pia utakaa bila kazi muda gani, hiyo nayo ni gharama, hasa kwa fundi.

Mshona Suti

Wakuu, mrejesho. Nilirudi kwa yule wa hospitali ya serikali nikiwa na maswali yenu kwenye daftari la vipimo. Alinipima upya, akagonga magoti kwa kinyundo, akafinya ukucha wa kidole cha kati na kuuachia ghafla akiangalia kama gumba linaruka, akanitembeza mstari. Uti hauna shida. Ni mshipa wa saba peke yake.

Tumekubaliana hivi: fiziotherapia ya kweli, dawa ya usiku, na kila nikirudi ananipima nguvu ya kunyoosha kiwiko na kuiandika. Ikishuka, au nikifikia mwisho wa muda tuliowekeana bila kulala usiku, tunapasua, tena diski moja tu, C6-C7. Nilimuuliza ya C5-C6, akasema haina kesi kwa sasa. Yule wa kwanza nilimpigia pia. Hakununa. Akasema yeye alizingatia kwamba nina kazi ya kuinama na sitaki kurudi mezani mara mbili. Nikamuelewa, lakini sijashawishika.

Cherehani imepanda juu ya matofali. Wateja wanauliza kama nimepata cheo. Usiku nalala chali sasa, mkono bado kichwani, ila kuna usiku nausahau.

Nguzo ya Sita

Na mzee wa Kilosa?

Mshona Suti

Amenipaka mafuta mabegani. Shingo sikumpa.

Binti wa Mwera

Na mimi nirejeshe. Baba alipata rufaa, ile video ilisaidia mno, daktari aliitazama mara moja akaita wenzake. MRI ilionyesha uti umebanwa sehemu mbili, C4-C5 na C5-C6. Wamemfunga kwa mbele. Kabla ya kusaini walimwambia wazi: tunakufanyia ili usizidi kuharibika, kitakachorudi ni faida. Ndugu wengine walitaka asifanyiwe, wanasema mzee hana maumivu mnampasua kwa lipi. Niliwasomea huu uzi kwenye spika.

Anatembea bila kushika ukuta. Vidole bado vizito, vifungo anajaribu mwenyewe, anafunga viwili mama anamalizia. Ngumi amefika 14. Kumeza ndiyo kama alivyosema Mama Tabata, anakula uji wa mchele na tui. Analalamika kuhusu uji kuliko kuhusu kovu.

Mama Tabata

Alhamdulillah. Mwambie akae wima akila, vipande vidogo, na maji ya vuguvugu. Itapita.

Binti wa Mwera

Asante mama. Sasa Bwana Mifupa, anauliza baiskeli lini.

Bwana Mifupa

Mpaka wapige picha ya kuangalia kama mfupa umeanza kushika, na mpaka mwendo wake uridhishe, siyo picha peke yake. Mruhusu atembee kila siku, polepole, mbali kadiri awezavyo. Asibebe madafu, asiiname kuokota vizito, wala asipande kitu chochote kirefu kuliko kitanda.

Binti wa Mwera

Hilo la kupanda ndilo gumu. Jana tumemkuta anauangalia mnazi wa jirani.

Bwana Mifupa

Mwambie nazi zikaangushwe na wajukuu. Na siku ya kliniki akija, arudie ngumi sekunde 10 mbele ya daktari, mwandike namba na tarehe kwenye kadi.